Kumfunza Kibiriti

"Kaa!" Unakaa nusu:
tako moja chini, jingine lasubiri habari.
Sikio la kufa halisikii dawa,
lakini lako li hai, Kibiriti;
limeshavuka barabara hapa Raskazone
kufuata kengele ya baiskeli ya Mntangi, muuza mikate.

Miezi tisa tu, teria wangu,
ndevu za mcheza bao,
kichwa kisiki cha mkonge.

Mfukoni nina dagaa, mshahara wako.
"Njoo!" Waenda kwa mjusi.
"Njoo!" Kwa kunguru. Kwa ganda la fenesi. Kwa upepo.

Basi. Naketi ukingoni mwa mtaro,
naanza kula dagaa mwenyewe.

Waja, kimya. Wakaa.
Matako yote mawili.
Wanitazama kama mwalimu
aliyengoja kutwa
mwanafunzi wake anyamaze.