Kilo ya Gunia

Kasha linasema giga nne nukta saba.
Kompyuta inasoma nne nukta tatu nane.
Nimeshaunguza diski tatu bure,
Kiboriloni, saa sita usiku.

Baba alipopeleka kahawa chamani
karani alikata kilo nzima: "Ya gunia."
Nilidhani ni wizi.

Leo nami nakata.
Menyu, faharasa, uzi wa kushonea sauti na picha:
asilimia nne. Niweke tano.

Mama Aisaria anataka mazishi yote,
toka mochwari hadi shada la mwisho.
Nimebana hotuba za ukoo, ya mwenyekiti nimeimenya.
Bado dakika mbili zimezidi:
mzee Ndekirwa, mwaka juzi, anamenya ndizi,
hasemi kitu.

Hizo sigusi.
Nafuta menyu.
Itaanza yenyewe.