Mshika Kibendera

Mwanakombo Faki, alfajiri, Machomanne bado kiza,
anafunga viatu vya kaka yake,
kavitia kitambaa mbele visimpwaye.
Kilima cha kwendea Gombani kishamjua kwa pumzi.

Siku ya kwanza, mwezi wa Rajabu,
alikishika nusu, akatapika chai
kando ya majamvi ya karafuu,
na mlinzi akamcheka:
"We binti, wakimbizwa na nani?"
Hakumjibu. Pumzi hazikutosha kwa maneno.

Kesho yake alifika nguzo ya umeme ya tatu.
Shaabani, ya tano.
Ramadhani akakimbia baada ya tarawehe,
tumboni uji wa pilipili manga ukimchemka,
watoto nyuma yake wakidhani ni mchezo mpya,
maana alikwenda upandeupande
kama kaa wa mikokoni.
Mshika kibendera hakimbii atakavyo;
hukimbia atakavyo beki wa mwisho.

Mama alikuwa akichambua karafuu, hakuinua uso:
"Mazoezi yote haya, na mpira wenyewe huugusi?"

Kisha fainali. Dakika ya themanini na tisa,
jua la alasiri limemkalia machoni,
mpira mrefu, kijana wa Wete kachomoka,
beki kanyosha mkono, jukwaa zima likanyosha naye:
"Kaotea! Kaotea!"
Mwanakombo yupo pale pale,
bega kwa bega na beki,
moyo umetulia kiasi cha kuona
ncha ya kiatu iliyochelewa kutoka,
ikamhalalisha mtu.
Kibendera kikabaki chini.
Bao.

Wakamtukana. Chupa ya maji ikatua mstarini.
Hata wa Wete waliofurahi hawakumtazama:
nani hushangilia mkono usioinuka?

Usiku, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.
"Haya, mmeshinda?"
Akafikiri.
"Nilikuwa mahali pangu, mama."

Mama akanyamaza, vidole vikinuka karafuu.
"Marehemu baba yako," akasema baadaye,
"kamba zake za kupandia alizijaribu karafuu zingali changa.
Akining'inia tawini bila pakacha, mtu mzima,
majirani wakidhani kapagawa."

Akachukua kitambaa cha viatu, kimeloa jasho,
akakianika dirishani
kikauke kabla ya adhana.