Mgeni Njoo

Kila siku ya ishirini na moja
basi la alfajiri, Oristano hadi Cagliari,
na mkono wa kushoto, ule wenye mshipa mtiifu.
Watu husema damu ni nzito kuliko maji.
Yangu haikuwa.
Yangu ilikuwa kahawa ya mgeni wa nne:
unga uleule, maji juu ya maji.

Baba alikokota chumvi kwenye mabwawa ya kampuni,
mama alishona mapazia ya hoteli.
Kila mmoja alibeba nusu ya kosa bila kujua;
walipokutana likatimia, likapewa jina langu.
Bibi alikataa kuliita kosa.
"Zamani hapa mbu walizika nyumba nzimanzima.
Mwenye nusu hiyo damuni ndiye aliyebaki kuzaa."
Kumbe deni langu lilianza kama akiba.

Nilikuwa na kaka. Efisio.
Kiti chake kando ya changu, mfuko wake kando ya wangu,
tukishindana nani atamaliza kwanza.
Mwaka wa themanini na tano, mfuko mmoja
ulikuja na mtu ambaye hakualikwa.
Muuguzi aliusifu: mwekundu, mzuri.
Efisio alikufa na miaka kumi na minane, kilo thelathini na tisa,
na majirani waliokuja kutupa pole
walikuja na vikombe vyao.

Sasa Daktari Murru
ananichorea kirusi nyuma ya bahasha,
mpira wenye misumari.
"Tumemng'oa meno," anasema. "Tumemhasi.
Ndani tumempakia jeni moja, ile unayoikosa.
Kufungua mlango wa seli anajua kutushinda sote.
Ni kazi hiyo tu tuliyomwachia."
Nikauliza: wa ukoo gani?
Akaweka kalamu chini.
Akaniambia.

Siku nne sikupokea simu yake.
Mama, nilipomweleza, aliendelea kushona
mpaka uzi ukaisha kwenye cherehani,
sindano ikitoboa kitambaa kitupu.
Kisha akasema: "Basi alipe."

Wakavuna seli zangu shina, wakazipeleka Milano
zikakutanishwa naye kwenye chupa, mbali nami,
kama posa inayopangwa bila bibi harusi.
Mimi nikabaki kumwagiwa sumu
ya kuuondoa uboho wa zamani.
Nywele zilitoka kwa utaratibu, kidogo kidogo,
kama watu wanaotoka misa kabla ya baraka.

Mfuko uliporudi ulikuwa mdogo. Nilitegemea ndoo.
Dakika ishirini, na chumba kizima kikanuka kitunguu saumu.
Pinuccia, muuguzi wa usiku, akamenya chungwa
akaniwekea maganda kifuani.

Usiku ule sikusali. Nilizungumza naye.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hodi usipige, nyumba haina mlinzi,
askari wangu wote wamehesabiwa: sifuri.
Ingia palepale jamaa yako alipoingia.
Shusha mzigo.
Sikusamehe, usinielewe vibaya;
nakupa kazi.

Siku ya kumi na tisa askari mia mbili.
Mwezi wa tano, himoglobini kumi na nukta nne, yangu,
bila tone la mtu.
Murru hasemi nimepona.
Jeni imejichomeka ilipojichomeka,
na kitabu ni kirefu, hakuna aliyesoma kila ukurasa;
watanipima miaka kumi na mitano.
Sawa. Nilishazoea kupimwa.

Lakini siku ya ishirini na moja
mwili uliamka wenyewe, ukavaa koti,
ukasimama kituoni gizani.
Basi likaja. Dereva akafungua mlango.
"Leo siendi," nikamwambia.
Hakuelewa, au alielewa;
alikaa vile muda kidogo, injini ikinguruma,
mlango wazi.