Kibao cha Kipanya

Niliinunua kwa kilo.
Muuza vyuma chakavu pale Kizota
aliiweka mizanini kati ya rejeta na pasi ya mkaa,
akasema kumi na moja na nusu, toa elfu tisa,
wala hakuuliza ni nini.
Bapa kama sinia la pilau, rangi ya jino la mvuta kiko,
na pembeni nembo ya zambarau iliyofifia:
kwa lugha ya walioiunda, jina lake ni Jua.
Nikacheka peke yangu. Jua, Dodoma!
Kama mtu anayepeleka chumvi Uvinza.

Msidhani nimerukwa na akili.
Kabla ya kompyuta za mapajani, kabla simu hazijaerevuka,
mashine hii ilikaa mezani kwa mhandisi mmoja
ikamfanyia kazi ya chumba kizima cha makabati.
Ilizungumza na wenzake kwa waya,
wakaazimana mafaili kama majirani waazimanavyo kaa la moto.
Mengi tunayoringia leo
yalijifunza kutambaa juu ya mgongo wake.
Mke wangu Nyemo alisikiliza yote haya mpaka mwisho,
akauliza: "Inapiga muziki?"

Nikaifungua. Vumbi la miaka ishirini
na buibui aliyefia kazini.
Betri imezikwa ndani ya kidude cheusi, hakina mlango;
waliounda hawakutaka ife,
au hawakutaka tujue kwamba itakufa.
Nilikikwangua kwa tupa, siku tatu, usiku kwa usiku,
kama anayetafuta mwiba kisiginoni mwa mtoto aliyelala,
hadi vichwa viwili vya shaba vikachungulia.
Nikaviunganisha na betri ya saa.

Ikaamka. Feni ikakohoa.
Kioo kikasema leo ni Januari mosi, mwaka sabini,
nami sijazaliwa.
Tarehe nilirekebisha. Kipanya hakikusogea.
Kipanya chake hakina gololi, kina jicho,
na jicho lile husoma mistari ya kibao chake tu,
bila kibao ni kipofu.
Nilijaribu ubao wa drafti, karatasi ya hesabu, mfuniko wa sufuria.
Wapi!

Chini ya tumbo palikuwa na karatasi iliyogandishwa:
Ramani, Chumba 6, S. Chilewa.
Nikaulizia, nikaulizia tena, nikampata Miyuji,
Bi Sechelela, mchoraji mstaafu,
mwenye mizabibu safu kumi na moja na goti bovu.
Akanimiminia chai.
Chupa ilikaa juu ya kibao kidogo cha kung'aa,
mistari ya buluu na kijivu,
katikati duara la kahawia lililochorwa na chai ya miaka.
Nilishindwa kumeza.
"Hiki? Nilitoka nacho siku ya mwisho.
Mashine isingeingia kwenye mkoba."

Jumamosi alikuja, kibao amekifunga kwenye khanga.
Alikipangusa kwa pindo; duara la chai likabaki.
Akaweka mkono. Mshale ukasogea.
Akafungua faili bila kutafuta,
kama mtu apapasaye komeo la kwao gizani:
visima vya mashariki ya Hombolo,
mistari ya miinuko ikipanda, ikipanda,
halafu ikakatika katikati ya kilima.

"Nilihifadhi, nikaenda kula," akasema.
"Kurudi, umeme hakuna.
Kesho yake tukaambiwa tufungashe."

Nyemo alivuta kigoda, akauliza kilima kile kinaitwaje.
Bi Sechelela hakujibu.
Alikuwa ameinama, miwani puani,
anaupandisha ule mstari polepole, nukta kwa nukta.

Nikaenda kuchemsha chai.
Chupa niliiweka sakafuni.