Barua ya Mapendekezo

Teona, nimekaa na jina lako tangu saa tisa
na chai imefanya utando juu.
Hapa Kutaisi gesi imepanda bei tena,
kwa hiyo naandika nimevaa koti,
kidole kimoja kimoja, kama kuku adonoaye mtama.

Fomu ya Bonn inauliza:
*Katika wanafunzi wote uliowafundisha, huyu yuko wapi?*
Asilimia moja ya juu. Tano. Kumi. Ishirini na tano.
Weka alama kisanduku kimoja tu.
Miaka thelathini na moja nafundisha.
Nikiwapanga wote darajani, juu ya mto Rioni,
wewe utasimama nyuma ya nani?
Yuko Vazha, aliyeijua kalkulasi
kama mtu anavyoujua mfuko wake uliotoboka.
Leo anauza matairi Poti.
Huyo ni asilimia moja ya nini?

Fomu haina kisanduku cha msichana wa dirisha la tatu
aliyeuliza, siku ile ya ugavi na mahitaji:
"Na asiye na hela, mwalimu, mahitaji yake yanachorwa wapi?"
Nikasema, hayachorwi.
Ukaandika. Ukafuta. Ukaitoboa karatasi.

Halafu kuna ile sitini na moja ya hisabati.
Wataiona. Macho yao yatatua hapo kwanza;
nzi na kidonda havihitaji kujulishana.
Muhula ule bibi yako alikuwa hajitambui,
nawe unamgeuza kitandani kila baada ya saa mbili,
huku mama yako, kule Bari,
anamgeuza bibi wa watu kwa mshahara.
Niandike hivyo?
Au niandike "sababu za kifamilia",
maneno matatu yaliyopigwa pasi?

Orodha yako ninayo. Jedwali, kama nilivyokufundisha:
mji, ada, miaka, ufadhili, siku ya mwisho,
na safu ya "uwezekano", ulikojipa sifuri nukta tatu
pale ambapo mimi ningekupa nane.
Bonn. Praha. Vienna.
Mmoja umeukata kwa mstari:
ada ya kuomba tu, hamsini, inashinda umeme wa mwezi.
Na chini kabisa, kwa kalamu nyingine, Bari.

Nilikuita. Nikasema habari za majina makubwa,
za milango, za udaktari baadaye.
Ukasema, "Uchumi wa kazi wanaufundisha vizuri."
Hujui kudanganya, Teona.
Masikio yalikuiva kama komamanga.
Miaka sita humwoni mama yako
ila katika kioo cha simu chenye ufa.
Nami, mwalimu wa gharama ya fursa,
niliyewaambia vijana kwa mamia
kwamba bei ya kitu ni kile ulichokiacha,
nilikohoa, nikafungua dirisha kwenye baridi.

Mwaka tisini na tatu niliitwa mimi pia. Mji sitautaja.
Mkate ulikuwa wa foleni,
baba akikatakata viti tuote moto. Nikabaki.
Barua ipo, ndani ya kitabu cha takwimu,
inashika ukurasa ambao sijarudi kuusoma.
Hilo sikukuambia.

Saa sita kasoro dakika nane.
Nimeweka alama: asilimia moja. Vazha atanisamehe.
Sitini na moja nimeieleza kwa sentensi nne,
na bibi yako yumo, na kitanda, na zile saa mbili mbili.
Bonn imekwenda. Praha. Vienna.
Ya Bari nimeiandika upya yote, ndefu kuliko zote,
na mtandao umekatika mara mbili.
Sasa mashine inasema: *Imepokelewa. Huwezi kubadilisha.*

Nani atakuchukua, sijui.
Utamchagua nani, hilo silo langu.
Lakini kesho pita ofisini
uchukue hamsini ya ule mji ulioukata.
Usinishukuru. Ni deni la tisini na tatu,
na riba yake sijaipigia hesabu.