Zoezi la Ufahamu

Barua ililetwa Ijumaa na kijana wa chifu,
mimi nina sindano mdomoni
na kofia ya watu mapajani, ingali nusu.
Muhuri wa Mokowe, wino umevuja pembeni.
"Kwa mzazi au mlezi," imeanza hivyo,
kana kwamba hata wao hawajui mimi ni yupi.

Sikulia. Nilimwita Lali,
nikamwekea mto chini ya goti linalouma,
nikamwambia: leo kitabu cha darasa la tano kipumzike,
tunasoma hii. Kwa sauti. Uheshimu mkato na nukta.

Akasoma:
"Kwa mujibu wa sheria, kila mtoto sharti ahudhurie shule.
Mzazi amzuiaye mwanawe nyumbani
pasipo sababu ya kuridhisha
atakuwa ametenda kosa."
Aliteleza kwenye "ahudhurie", akarudi nyuma, akaipata.

Maneno magumu ni yapi?
Akapiga mstari chini ya "sharti".
Akapiga mstari chini ya "kuridhisha", akauinua uso.
"Mama, sababu hii inamridhisha nani?"

Nikajifanya natafuta uzi.

Siku sitini na moja, muhula mmoja.
Nilizihesabu mwenyewe kwenye rejista,
alama nyekundu mraba baada ya mraba:
hayupo, hayupo, hayupo.
Naye yupo, hapa Langoni, kitandani,
ameng'ata shuka, mifupa inamsaga,
selimundu inamvuna kabla hajapevuka.
Wakasema arudie darasa.
Akarudia. Na maumivu yakarudia.

"Karatasi haina mato," akasema bibi yake toka jikoni,
"ingekuwa nayo ingemuona."

Basi madaftari yakapanda vidakani
ambamo mama wa bibi alipanga sahani za Kichina:
Sayansi juu, Kiswahili kati, Hesabu mkono unapofika.
Kuzidisha tulijifunza kwa kofia,
matundu kumi na manne kila safu, safu sita,
ukikosea moja kofia nzima inakutangaza.
Maumivu yakija, shule inafungwa.
Yakiondoka inafunguliwa, hata iwe saa nane za usiku,
na punda wa jirani ndiye kengele.

Lakini sitajisifu nikapitiliza.
Akisami nilimfundisha kombo wiki nzima,
najumlisha juu kwa juu, chini kwa chini,
mpaka binamu yake akacheka.
Usiku ule niliisoma barua hii
kabla haijaandikwa.

Jumatatu nikavuka kwenda Mokowe
na kadi za hospitali, na madaftari saba,
na ile kofia, maana mwenyewe anaitaka Alhamisi.
Bwana Komora hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.
Alifungua fomu, akageuza upande wangu:
kisanduku, "Jina la shule".
Hakuna kisanduku kingine.
"Mama, mimi nakuelewa," akasema.
"Fomu ndiyo haielewi."

Akanishauri nitafute shule ya karibu,
mwalimu mkuu mwenye huruma,
mtoto aandikwe apate namba ya mtihani,
"halafu mengine tutaona."
Kwa hiyo atakuwepo pale ambapo hayupo,
na sheria itashiba.
Sikulisema hilo. Nililishona mdomoni.

Alipekua madaftari, kurasa mbili mbili,
akasimama kwenye akisami.
Akatoa kalamu mfukoni, akasahihisha moja,
zilizobaki akaziacha.
Hata sasa sijui alikuwa akinisaidia
au akinishitaki.

Nyumbani, Lali alikuwa amemaliza zoezi.
Swali la kwanza: Barua inahusu nini?
"Inahusu mimi, lakini hainitaji."
La pili, la tatu, la nne, sawa, mwandiko umelala kidogo.
La tano: Taja sababu moja ya kuridhisha.
Hapo aliacha nafasi, mistari mitatu mitupu,
na chini kabisa, kwa penseli:
"Nimechoka. Nitajibu goti likipoa."

Nikampa nne juu ya tano.
Kisha nikaukalia ule mkeka, nikaishika kofia,
nikahesabu matundu upya, tangu mwanzo.