Saa Sikuigeuza

Saa yangu ya mkono sikuigeuza.
Halifaksi ikifika kumi na mbili, mchana kati,
Wete nayo ni kumi na mbili, magharibi inabisha hodi:
mishale ile ile, tarakimu zile zile,
maana sisi twahesabu tangu jua lichomoze
na wao wahesabu tangu usiku wa manane,
na miezi ya joto lao hesabu hukutana.
Saa ilifika nyumbani. Miye bado.

Baba alizikwa nikiwa Doha,
nimepanga foleni ya choo.

Damu ndiyo haikuambiwa.
Saa nane usiku macho makavu kama dagaa wa juani;
huko ndiyo saa ya kufunga aproni,
kusukuma toroli la mashuka ya hospitali.
Nahesabu boriti, boriti zanihesabu.
Saa nne asubuhi, sasa, nazama
mbele ya wageni waliokuja kutupa pole,
mdomo wazi, nakoroma.
"Maskini," wanasema, "amechoka kulia."
Sijalia. Nimelala tu.

Shemsa Makame, tuliyekalia dawati moja,
sasa ana duka la dawa nyuma ya soko.
Akakigeuza kichupa changu, akasoma
kwa miwani iliyofungwa uzi.
"Melatonini. Hii mwili hujitengenezea,
giza likiingia.
Usidhani itakuangusha kama gunia.
Hii ni mwadhini, shoga:
yeye huita tu, kwenda ni kwako.
Nusu kidonge, saa tatu usiku,
siku nne, tano, basi.
Simu iweke mbali.
Asubuhi toka, kaa juani,
hata kama huko umesahau kulipenda.
Na mama usimpe."

Nikauliza kwa nini.
"Ana presha. Tena anakunywa ya kuipunguza damu uzito.
Mpaka daktari wake aseme."

Mama yumo edani, ukuta na ukuta,
miezi minne na siku kumi, ndiyo kwanza ya tatu wiki.
Usiku namsikia akigeuka
upande wake wa kitanda, hauvuki ule wa pili.

"Nipe na miye hicho kidonge chako cha Ulaya."
Kanada kwake ni Ulaya. Doha pia.
"Shemsa amekataa, mama."
"Shemsa nimemtahirishia kaka zake, leo anikataze usingizi?"
Kisha, taratibu:
"Kwani chafanya nini?"
"Chaiambia damu kwamba giza limeingia."
Akanyamaza, akavuta kanga.
"Hilo nalijua bila ya kuambiwa."

Usiku wa nne umeme ukakatika,
Wete nzima ikafumba jicho moja.
Nikauma nusu yangu, nusu nikaifunga karatasini,
nikalala chini, kwenye mkeka, ubavuni pa kitanda.
Mama akaanza kusema gizani, si nami hasa:
kwamba baba alikuwa akilala mkono wa kushoto,
kwamba alikuwa akiota anapanda mkarafuu
na miguu ikimpiga mateke, na asubuhi anakana,
kwamba mwaka ule wa njaa ya mchele alikuja na
alikuja na nini?
Sikusikia. Mwadhini alikuwa ameshanichukua.

Niliamka saa mbili, mlango u wazi.
Saa yangu haimo mkononi.
Alinivua usiku, nisijichubue,
akailaza juu ya shimizi yake iliyokunjwa,
uso chini,
isinitazame.
Naye yuko pale pale, macho mekundu,
anachambua mchele kama mtu aliyekubali.

"Alikuja na nini, mama?"
"Nani?"
"Baba. Mwaka wa njaa."
"Ah. Na papai.
Watu wanatafuta mchele, yeye kaja na papai,
akacheka mpaka akakaa chini."

Nikatoka uani. Nikalia huko,
saa mbili asubuhi, uso juani,
kama nilivyoagizwa.